Jinsi ya Kujenga Darasa Ambamo Mtoto Haogopi Kukosea: Mwongozo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Maswali haya huja kila muhula unapoanza, mengi yakitoka kwa walimu walioajiriwa karibuni. "Nifanye nini, watoto wangu hawanyooshi mikono?" "Swali likiwa gumu kidogo, nusu ya darasa inaacha daftari tupu." "Mtoto anasema hesabu hazimpandi, na mama yake naye anasema hivyohivyo." Wengine wameshasikia kwenye semina habari za mtazamo wa kukua, yaani imani kwamba uwezo wa mtu huongezeka kwa kujifunza, kwa kubadili mbinu na kwa kuomba msaada. Wakaenda kubandika ukutani bango la "NAWEZA", na baada ya majuma mawili hawakuona tofauti yoyote.

Mtoto hasomi bango, anakusoma wewe. Anaangalia kinachompata mwenzake aliyekosea. Kama kosa linaishia kwenye alama nyekundu, kicheko au fimbo, ameshajua la kufanya: anyamaze, anakili kwa jirani, au aombe ruhusa ya kwenda chooni wakati wa maswali. Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja: katika darasa lako, kila kosa lifuatwe na kazi. Mifano mingi ni ya Hisabati ya Darasa la Tano kwa sababu huko ndiko hofu ilikojaa, lakini hatua hizihizi zinafaa kwa Kiingereza, Sayansi na hata insha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari moja la kwako, la kuandikia makosa yanayojirudia darasani. Liwe tofauti na daftari la alama.
- Karatasi chakavu zilizokatwa robo robo. Karatasi za mitihani ya zamani iliyochapwa upande mmoja zinafaa sana.
- Boksi tupu la chaki, na vijiti au vipande vya kadibodi vyenye majina ya watoto wote.
- Sehemu ya ubao upande wa kulia, upana wa mikono miwili, isiyofutwa mpaka kipindi kiishe.
- Kibali cha mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma kuhusu namna utakavyorudisha alama kwa masahihisho (hatua ya 6). Ongea nao mapema, ukaguzi usije ukakukuta unajieleza.
- Nusu muhula wa uvumilivu. Watoto waliozoea kuogopa kwa miaka minne hawatakuamini siku ya Jumatatu.

Darasa kubwa halikuzuii kuanza. Hatua zote zimeandikwa kwa darasa la watoto themanini au mia, wanaokaa watatu au wanne kwenye dawati moja, na kipindi cha dakika 40.

Hatua ya 1: Jisikilize mwenyewe kwa juma moja

Usibadilishe chochote bado. Weka simu mezani irekodi kipindi kimoja, au mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma ya darasa. Mpe karatasi yenye safu mbili: kwanza, unasema nini mtoto anapopata, pili, unasema nini anapokosa.

Utashangaa jinsi maneno yanavyojirudia. Anayepata anaambiwa "safi sana, kichwa hicho!" na wenzake wanampigia makofi ya kilo. Anayekosa anasikia "keti", "mwingine", "nimefundisha jana tu hili", au hasikii kitu kabisa kwa sababu macho ya mwalimu yameshahamia kwenye mkono mwingine ulioko juu. Hilo "mwingine" ndilo linalofunga midomo ya darasa zima, maana halina ukali wowote ndani yake na kwa hiyo mwalimu hajui kwamba limeumiza.

Ukimaliza kusikiliza, chagua maneno mawili tu ya kuacha. Ukitaka kuacha yote kwa mpigo, utarudi kwenye yote kwa mpigo.

Hatua ya 2: Badilisha unachokisifia

Mwaka 1998 watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano huko. Watoto walipewa mafumbo, kisha baadhi wakasifiwa kwa kuwa na akili na wengine kwa kufanya kazi kwa bidii. Baada ya hapo wote wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda. Waliosifiwa akili walipendelea zaidi kazi rahisi, walishuka waliporudishiwa mafumbo ya kiwango cha mwanzo, na karibu wanne kati ya kumi waliwadanganya wenzao kuhusu alama walizopata. Mtoto aliyeambiwa ana akili ana kitu cha kulinda, na namna rahisi ya kukilinda ni kutojaribu.

Basi sifia kitendo ambacho mtoto anaweza kukirudia kesho. Badala ya "una akili sana", sema:

- "Umechora picha kwanza kabla ya kukokotoa, ndiyo maana umeona njia."
- "Ulifuta, ukaanza upya. Waoneshe wenzako ulichobadilisha."
- "Jana ulikwama kwenye kubeba. Leo umebeba mara mbili bila kusahau."

Angalizo: Usimsifu mtoto kwa bidii ambayo haikumfikisha popote, ukaishia hapo. "Umejitahidi" aliyoandikiwa mtoto mwenye 3 kati ya 20 anaielewa vizuri: anajua umemhurumia. Kama bidii ipo na matokeo hayapo, shida ni mbinu. Mwambie: "Umefanya maswali yote ishirini, nimeona. Njia unayotumia haikufikishi. Njoo nikuoneshe nyingine, kisha ufanye matatu."

Na akina "kipanga" wa darasa usiwasahau. Hawa ndio wenye hofu kubwa kuliko wote, kwa sababu tangu Darasa la Kwanza hawajawahi kukosa mbele za watu. Wape swali litakalowakwamisha angalau mara moja kwa juma, na wakikwama uwatendee sawasawa na wengine.

Hatua ya 3: Weka sheria moja kuhusu kicheko

Andika sheria kumi na hakuna itakayoshikwa. Andika moja: "Hatumcheki anayejaribu." Isomeni pamoja, kisha waeleze kitakachotokea ikivunjwa. Adhabu iwe nyepesi na ya hakika. Aliyecheka atasimama na kusema jambo moja lililo sahihi katika jibu la mwenzake. Hiyo inatosha, na ina faida kuliko kumpigisha magoti, kwa sababu inamlazimisha kulitazama jibu.

Itabidi uisimamie kila mara, hata ukiwa umechoka, hata mchekaji akiwa mtoto wa mwalimu mwenzako. Pia neno "kilaza" lisitamkwe darasani wala uwanjani ukisikia. Kundi la wenzao lina nguvu kuliko wewe. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2019, wenye wanafunzi wapatao 12,000 wa darasa la tisa, ulionesha kwamba mafunzo mafupi ya mtazamo wa kukua yalipandisha kidogo alama za waliokuwa nyuma, na yaliwafaa zaidi wale waliokuwa katika shule ambazo wanafunzi wenyewe waliona kujaribu mambo magumu ni jambo la kawaida. Mtoto mmoja, hata akiamini kwamba uwezo wake unaweza kukua, hawezi kushindana na dawati zima linalomzomea.

Hatua ya 4: Uliza, kisha nyamaza

Miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima muda ambao walimu wanasubiri baada ya kuuliza swali. Ulikuwa kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema.

1. Uliza swali kwa darasa zima. Usitaje jina.
2. Hesabu kimoyomoyo moja hadi tano. Mikono ikipanda, iache. Afadhali uwaambie mapema kwamba kwa swali hili hakuna kunyoosha mikono.
3. Waambie wanong'one na jirani kwa nusu dakika. Darasa litavuma kama soko, na mwalimu wa jirani anaweza kuchungulia dirishani. Mweleze siku moja, atazoea.
4. Chomoa kijiti kwenye boksi, utaje jina.
5. Akikosa au akisema "sijui", usiseme "mwingine". Sema: "Umefika wapi?" au "Jirani yako amekuambia nini?" Ukimwendea mwenzake, lazima urudi kwa huyu wa kwanza na kumwomba aseme kwa maneno yake.
6. Rudisha kijiti ndani ya boksi. Ukikiweka pembeni, aliyeshaitwa ataanza kulala.

Angalizo: Vijiti visitumike kumnasa aliyekuwa anapiga soga. Siku utakayochomoa kijiti na kusoma jina ambalo halikuandikwa, watoto watajua, na boksi litakuwa fimbo nyingine.

Hatua ya 5: Kosa la leo

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na kama una nafasi ya kufanya moja tu, fanya hii. Inachukua dakika nane hadi kumi za mwanzo wa kipindi, mara mbili au tatu kwa juma.

1. Andika swali moja ubaoni. Tuchukue 1/2 + 1/3.
2. Gawa vipande vya karatasi. Kila mtoto afanye peke yake kwa dakika tatu, bila kuandika jina.
3. Kusanya vya safu mbili au tatu tu. Visome harakaharaka na uvipange: waliopata, waliokosa kwa namna moja, waliokosa kwa namna nyingine.
4. Chagua kosa moja. Liwe limefanywa na wengi, na liwe na fikra ndani yake. Hapa utakutana na 2/5 nyingi sana: mtoto amejumlisha namba za juu, akajumlisha za chini.
5. Liandike upande wa kulia wa ubao kwa mwandiko wako, ili asijulikane mwenye nalo. Sema: "Hili ndilo kosa nililolipenda leo, kwa sababu litatufundisha."
6. Uliza kwanza: "Ni kitu gani sahihi hapa?" Usiruke swali hili. Watasema alama ya kujumlisha imeheshimiwa, 1 na 1 ni 2 kweli, namba zimenakiliwa vizuri.
7. Kisha uliza swali la kupima, lisilotaja kanuni: "Tulianza na nusu, tukaongeza kitu. Je, 2/5 ni zaidi ya nusu au ni pungufu?" Wape karatasi mbili zilizo sawa wazikunje, moja nusu, nyingine sehemu tano. Wataona wenyewe kwamba wameongeza na kikapungua. Hapo utasikia sauti za "aaah". Usizikatize.
8. Mwite mtu arekebishe kwa hatua, darasa likisaidia: K.D.S. (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3 ni 6, kwa hiyo 3/6 + 2/6 = 5/6.
9. Malizia kwa swali jipya la aina hiyohiyo, 1/4 + 2/3, kila mtu afanye kwenye daftari. Jibu ni 11/12. Atakayeandika 3/7 apime tena: je, 3/7 inafika hata hiyo 2/3 tuliyokuwa nayo?

Namba 9 hapo juu ndiyo watu wanaiacha kwa sababu muda umekwisha. Bila hiyo, darasa limetazama tu mtu akirekebishwa. Bora ufupishe maelezo yako kuliko kuikata.

Makosa mengine mazuri ya kuanzia: 402 − 178 = 376, ambapo mtoto kila safu anatoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu (wape wajumlishe 376 na 178 waone kama watarudi kwenye 402). Jingine ni 12 − 4 × 2 = 16, la mtoto anayeweza kuimba MAGAZIJUTO yote (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) na bado akafanya hesabu kutoka kushoto. Kwenye Kiingereza, andika sentensi moja yenye kosa la wakati uliopita na uulize msemaji alitaka kusema nini.

Makosa ya kuepuka katika hatua hii:

- Kuchagua kosa la kuchekesha. Mwenye nalo yupo, anasikia.
- Kuuliza "nani aliandika hivi?" hata kwa nia njema. Akijitaja mwenyewe kwa hiari, na baada ya majuma kadhaa watajitaja, mshukuru.
- Kuchagua kosa la bahati mbaya, kama 7 + 5 = 13 ya aliyeharakisha. Halina la kujadili.
- Kutumia methali ya "kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa". Ni methali nzuri mahali pengine, lakini kwenye sehemu na desimali mtoto hurudia kosa lilelile mara nyingi kabla halijamtoka, na kurudia huko ni sehemu ya kujifunza. Usimpe sababu ya kujiona mkosaji mara ya pili.

Hatua ya 6: Sahihisha ili mtoto apate la kufanya

Daftari lililojaa alama za kosa bila neno lolote linamwambia mtoto kiasi alichoshindwa tu. Lakini huwezi kuandika maelezo kwenye madaftari tisini, kwa hiyo tumia herufi tatu pembeni ya kosa:

- H: hesabu ndogo imekosewa, njia ni sahihi.
- N: njia ndiyo iliyokosewa.
- S: swali halikusomwa vizuri.

Bandika maana ya herufi hizi ukutani. Kila siku chukua madaftari ya safu moja tu na uyasahihishe kwa makini. Mengine yasahihishwe kwa kubadilishana jirani kwa jirani, majibu yakiwa ubaoni. Kwa juma moja utakuwa umepitia darasa zima, na kila mtoto atakuwa amepata jicho lako.

Kisha yafanye masahihisho yawe na thamani. Baada ya jaribio la wiki, toa dakika ishirini za kipindi kinachofuata. Mtoto anachora mstari chini ya kazi yake, anarudia maswali aliyokosa, na kwa kila moja anaandika sentensi inayoanza "Nilikosea kwa sababu…". Akirekebisha na kueleza, anarudishiwa nusu ya alama ya swali hilo. Aliyepata 8 kati ya 20, akarekebisha maswali sita ya alama moja moja, anaongezewa 3 na kufika 11. Andika zote mbili kwenye daftari la alama: 8, halafu 11. Hiyo ya pili ndiyo mtoto atakayoisoma njiani akirudi nyumbani.

Angalizo: Usikubali "nilikosea kwa sababu sikuwa makini". Ni sentensi ya kumridhisha mwalimu. Mwulize: "Sikuwa makini wapi? Nioneshe mstari." Na utaratibu huu uwe wa majaribio ya wiki tu. Mtihani wa muhula na wa kitaifa una sheria zake, na watoto waambiwe hivyo wazi.

Hatua ya 7: Ondoa vitu vinavyompa mtoto cheo cha kudumu

Tembeza macho darasani. Je, kuna safu inayojulikana kuwa ya "wazito"? Ivunje leo. Changanya watoto, na ubadilishe mpangilio kila mwezi. Ukihitaji kikundi cha msaada, kiite kwa mada na kiwe cha muda: "wanaohitaji kurudia kubeba, tukutane chini ya mwembe saa saba na nusu." Ijumaa kikundi kinavunjwa.

Orodha ya nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, iliyobandikwa mlangoni, iondoe. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora kuanzia matokeo ya mitihani ya 2022, kwa hiyo ukiulizwa una mahali pa kusimama. Mzazi anayetaka kujua nafasi ya mwanawe mwoneshe faragha. Kwenye nafasi iliyobaki ukutani bandika kazi mbili za mtoto yuleyule, ya kwanza yenye makosa na ya pili aliyoirekebisha, kwa idhini yake. Zibadilishe kila juma ili kila mtoto afikiwe kabla mwaka haujaisha.

Na fimbo. Huwezi kumwambia mtoto kwamba kosa ni la kujifunzia asubuhi, kisha mchana ukamchapa kwa kila swali alilokosa. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku adhabu ya viboko kabisa. Tanzania, kanuni za 2002 zinairuhusu kwa makosa makubwa ya nidhamu, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkabidhi jukumu hilo kwa maandishi. Kukosa hesabu ya sehemu si utovu wa nidhamu kwa kanuni yoyote. Watoto wanaotarajia kiboko kwa jibu baya hawatakupa jibu lolote, na hatua sita zilizotangulia zitakuwa kazi bure.

Mambo yakikwama

*Darasa limekaa kimya majuma matatu, hata vijiti havisaidii.* Punguza ukubwa wa jibu unaloomba. Kabla ya kumtaka mtoto aeleze, mtake achague: "A au B? Oneshaneni kwa vidole." Wote wanajibu kwa pamoja na hakuna anayebaki peke yake. Kutoka vidole nenda kwenye neno moja, kutoka neno nenda kwenye sentensi.

*Wanaandika masahihisho kwa kunakili kwa jirani.* Badilisha namba. Aliyekosa 402 − 178 arekebishe hilo, kisha afanye 503 − 267 mbele yako au mbele ya kiranja. Akipata 236, mpe alama zake.

*Mtoto analia au kuchana karatasi anapokosa.* Mara nyingi ni mtoto anayeongoza. Usimbembeleze mbele ya wenzake. Mpe kazi ya kutafuta kosa katika jibu la mtu asiyejulikana, mara kadhaa, kabla ya kugusa makosa yake. Kisha zungumza na nyumbani kwake uulize nini hutokea akileta 90 badala ya 100.

*Mzazi analalamika kwamba daftari limejaa makosa.* Mfungulie kurasa mbili, ya mwezi uliopita na ya juma hili. Mwoneshe H, N na S, na jinsi N zinavyopungua. Mwombe kitu kimoja: jioni asiulize "umepata ngapi?" aulize "leo ni kipi kilikushinda, na umekifanyaje?" Anayesema mbele ya mtoto kwamba "kwetu hesabu si za ukoo" mwombe kwa heshima aache, maana mtoto humwamini mzazi kuliko mwalimu.

*Silabasi haitakwisha.* Kosa la leo mara mbili kwa juma halizidi dakika ishirini. Chagua makosa ya mada unayoendelea nayo, na litachukua nafasi ya marudio ambayo ungefanya hata hivyo. Darasa la Nne na la mwisho wenye mtihani wa kitaifa ndio wanaofaidika zaidi, kwa sababu unajua kabla ya mtihani ni nini hawakijui.

*Nafundisha Kidato cha Kwanza na hakuna anayesema kitu.* Yawezekana wanaogopa Kiingereza, na somo lenyewe wanalielewa. Waruhusu wajadiliane na jirani kwa Kiswahili, kisha waandike jibu kwa Kiingereza pamoja kabla ya kusimama. Sahihisha hoja kwanza. Sarufi ije baadaye, na kosa moja la lugha kwa jibu linatosha.

*Nimefanya yote na mtoto bado hasogei.* Mpime kusoma. Mpe aya ya kitabu cha Darasa la Pili asome kwa sauti, pembeni, mkiwa wawili. Kama hawezi, tatizo lake halitatibiwa na maneno ya kutia moyo. Anahitaji kufundishwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) upya, dakika kumi na tano kila siku, na mtu mmoja anayemfuatilia. Chunguza pia kama anaona ubao kutoka alipoketi, kama anasikia, na kama amekula. Kumwambia mtoto asiyeona ubao kwamba ajitahidi zaidi ni kumwonea.

*Mwakani watapata mwalimu mwingine.* Mpe lile daftari lako la makosa, na umwalike Novemba aje aone kipindi kimoja cha kosa la leo, watoto wakiongoza wenyewe. Mwachie na boksi la vijiti.